Uzito, Tungamo na Mzigo: Historia Fupi ya Istilahi za Ujenzi

Katika makala haya tunakusudia kueleza safari ya maneno matatu, yaani uzito, tungamo na mzigo, tangu nyumba za miti na udongo za vitongoji vya Dar es Salaam hadi hesabu za kompyuta zinazotumiwa na wahandisi wa leo. Maneno hayo huonekana mepesi. Hata hivyo, mfasiri akiyachanganya katika maelekezo ya kazi, kosa lake haliishii kwenye karatasi.

Kinondoni, Magomeni na Temeke zilipokuwa zikikua, nyumba nyingi zilijengwa kwa miti, fito na udongo, zikaezekwa makuti, na baadaye mabati. Fundi wa nyumba hizo hakuandika hesabu. Uzito aliujua kwa bega lake, maana ndiye aliyeubeba mti kabla ya kuusimamisha. Lugha yake ilikuwa pana: nguzo, mwamba, boriti, kombamoyo, pao, kila jina lilionyesha kipi kinabeba na kipi kinabebwa. Kwake yeye mti na uzito wake vilikuwa kitu kimoja, wala hakuhitaji maneno mawili.

Sayansi ndiyo iliyovitenganisha. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alipambanua kiasi cha mata kilichomo ndani ya kitu na kani inayokivuta kitu hicho kuelekea chini. Kiswahili cha sokoni hakina haja ya tofauti hiyo. Tandika au Tandale, kilo moja ya sukari huitwa uzito, na hakuna mnunuzi anayepunjika kwa sababu hiyo. Lakini kwa mwanafizikia, kilo hupima kiasi cha mata, na uzito hupimwa kwa nyutoni. Wanaistilahi wakakiendea kitenzi tungama, kinachosemwa juu ya kitu kinachoganda na kushikamana, wakapata tungamo. Neno uzito likabaki kuwa jina la kani.

Kwa miaka mingi istilahi hiyo ilikaa katika vitabu vya fizikia bila kufika kwenye majengo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata Serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Hesabu zilifanywa kwa mkono. Mhandisi alizidisha ujazo wa zege kwa uzito wa meta moja ya ujazo, kiasi cha kilonyutoni 24, akapata jibu lake. Tungamo halikutajwa.

Wakati huo, huko Marekani njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1960 Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California aliipa jina njia ya kuligawa jengo katika vipande vyenye ukomo, vinavyounganishwa kwenye vifundo. Mwaka 1970 Edward Wilson, wa chuo hichohicho, alitoa programu ya SAP iliyofanya hesabu hizo. Programu za jinsi hiyo sasa zinatumika pia nchini mwetu.

Hapa ndipo tofauti ya maneno inapokuwa tofauti ya vitendo. Kompyuta haijui kwamba zege ni zito. Hulijua umbo tu, mpaka iambiwe. Katika programu nyingi mhandisi huiambia mambo matatu: tungamo la meta moja ya ujazo, mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao ni meta 9.81 kwa sekunde kwa sekunde, na upande mvutano unakoelekea. Programu huzidisha, kisha huugawa uzito wa kila kipande kwenye vifundo vyake.

Tuchukue jamvi la zege lenye urefu wa meta 5, upana wa meta 4 na unene wa meta 0.15. Ujazo wake ni meta za ujazo 3, tungamo lake ni kilo 7,200 hivi, na uzito wake kilonyutoni 71 hivi. Mtu akiandika nyutoni 24,000 mahali palipotakiwa kilo 2,400, programu itazidisha tena, na uzito utakuwa mara kumi. Kosa hilo hugunduliwa upesi. La hatari zaidi ni kudhani kwamba programu imekwisha kuuhesabu uzito wa jengo, kumbe haikuambiwa. Au kukosea alama, jamvi likavutwa juu badala ya chini. Dawa ni ya zamani: jumla ya kani kwenye misingi ilinganishwe na uzito uliopigwa hesabu kwa mkono.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Magomeni Kota, palipokuwa na nyumba za chini, pana maghorofa ya familia 644 yaliyozinduliwa Machi 2022. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka, watu 36 wakafa. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoliangusha. Tunasema kwamba mahali penye maisha ya watu, neno lenye maana mbili halifai.

Ni rai yetu, basi, kwamba katika maandishi ya ujenzi tungamo litumike kwa kilo, uzito kwa nyutoni, na mzigo uwe jina la jumla la kani zote zinazobebwa na jengo: mzigo wa kudumu, kama kuta na majamvi yenyewe, na mzigo wa muda, kama watu na samani. Mwalimu afundishe hivyo, na mfasiri asiandike "weka uzito" bila kutaja kipimo. Sokoni tuendelee kununua uzito wa kilo moja, kama kawaida yetu.