Cannes: Tamasha Lililozaliwa kwa Hasira

Mwaka 1938, tamasha la filamu la Venice lilitoa Kombe la Mussolini kwa filamu mbili. Moja ni Olympia ya Leni Riefenstahl, iliyotukuza Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Berlin chini ya Hitler. Nyingine, Luciano Serra pilota, ilisimamiwa na Vittorio, mtoto wa Mussolini, dikteta wa Italia. Baba ndiye mwenye kombe, mwana ndiye mshindi. Mfaransa Philippe Erlanger, aliyekuwa kwenye tamasha hilo, aliondoka na wazo moja: nchi yake ianzishe tamasha ambalo hakuna mtawala atakayelipangia washindi.

Waziri wa Elimu, Jean Zay, alilivalia njuga jambo hilo. Mji wa Cannes ukachaguliwa, na siku ya ufunguzi ikapangwa kuwa Septemba 1, 1939. Alfajiri ya siku hiyohiyo majeshi ya Ujerumani yakaivamia Poland, na tamasha likakwama. Zay hakuwahi kuliona tamasha alilolipigania; Juni 1944 aliuawa na wanamgambo wa Kifaransa waliokuwa wakiwatumikia Wanazi.

Cannes ilifunguliwa hatimaye Septemba 20, 1946, nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Mitambo ilisumbua, na mikanda ya Notorious, filamu ya Hitchcock, ikaoneshwa bila kufuata mpangilio wake. Lakini miongoni mwa filamu zilizotuzwa ilikuwemo Roma città aperta ya Roberto Rossellini, inayosimulia wakazi wa Roma waliowapinga Wanazi. Miaka minane tu tangu Olympia ishinde! Kwangu mimi, hapo ndipo Erlanger na Zay walipopata jibu lao.

Mwaka huohuo wa 1946 Ufaransa iliunda CNC, taasisi ya taifa ya sinema, na bila kuielewa hiyo huwezi kuuelewa ugomvi wa miaka ya karibuni. Leo, asilimia 10.72 ya bei ya kila tiketi huingia kwenye mfuko wa kusaidia sinema. Filamu ya Marekani ikijaza kumbi za Paris au Lyon, sehemu ya fedha hiyo humfikia mtu anayetengeneza filamu ya Kifaransa. Watazamaji wakibaki nyumbani, tiketi hazikatwi, na fungu hilo linapungua.

Ndiyo maana mwaka 2017 palichimbika. Filamu mbili za Netflix, huduma ya kutazama filamu kupitia intaneti, yaani Okja na The Meyerowitz Stories, ziliingizwa kwenye mashindano bila mpango wa kuoneshwa katika sinema za Ufaransa. Wakati huo, filamu ikishaanza kuoneshwa kwenye kumbi, huduma za aina hiyo zilitakiwa kusubiri miezi 36. Wenye kumbi walikuja juu, na kuanzia 2018 Cannes ikaamua kwamba filamu isiyokwenda kwenye sinema za Ufaransa haishindani. Netflix ikaipeleka filamu ya Alfonso Cuarón iitwayo Roma kule Venice, ikanyakua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya huko. Wapo walioibeza Cannes kwa kukosa filamu nzuri kama ile. Mimi naona ilifanya sawa, kwa sababu hatimaye mazungumzo yalizaa matunda: mwaka 2022 Netflix ilipunguziwa muda hadi miezi 15, huku ikikubali kuchangia filamu za Kifaransa na za Ulaya.

Na kumbi hazijafa. Justine Triet alishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2023 kwa Anatomie d'une chute, akaisema serikali waziwazi akiwa jukwaani. Agosti filamu ikaingia kwenye kumbi na kuuza tiketi zaidi ya milioni moja Ufaransa.

Mwaka 2025 tuzo hiyo ilikwenda kwa Jafar Panahi, Mwirani aliyefungwa na kuzuiwa kusafiri kwa miaka mingi. Filamu yake, Un simple accident, aliipiga kwa siri nchini mwake bila kibali, akisaidiwa na watayarishaji wa Ufaransa. Oktoba ikaingia kwenye sinema za Ufaransa, na Ufaransa hiyohiyo ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar, jambo ambalo Tehran isingelikubali kamwe.