Kipimo cha Nani? Kasulo, Kobalti na Funzo la USB

Pedi ya michezo ikichomekwa kwenye kompyuta na kompyuta isiitambue, fundi mzoefu huanza na waya. Ziko nyaya zinazopitisha umeme tu, zimekosa nyuzi mbili za data. Taa ya pedi itawaka, ila kompyuta haitasikia kitu. Waya ukiwa mzima, ataitoa pedi kwenye kigawanyio na kuichomeka moja kwa moja, kwa kuwa tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 tu, na kigawanyio kisicho na umeme wake huvigawia vifaa vyote mgao huohuo. Mwisho atatazama programu. Mwaka 2005 Microsoft ilileta XInput pamoja na Xbox 360, na tangu hapo michezo mingi ya Windows imeandikwa kwa utaratibu huo. Pedi iliyofuata utaratibu wa zamani huweza kuachwa nje hata kama plagi imeingia sawasawa. Basi plagi kufanana si kuafikiana. Mwafaka upo pale tu ambapo pande zote zinafuata kipimo kimoja ambacho kila upande unaweza kukikagua. Ukiwa na kanuni hiyo mkononi, historia ya Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi nchini Kongo (Kinshasa) uliokalia kobalti inayotumika katika betri za vifaa kama hivyo, inasomeka kwa namna nyingine.

Kabla ya USB, aliyetaka kucheza kwenye kompyuta alitegemea tundu la pini 15 lililoletwa na IBM mwaka 1981. Kompyuta ilikisia mahali kijiti cha kuchezea kilipo kwa kupima muda wa umeme kujaa, kwa hiyo mchezo mmoja baada ya mwingine ulimtaka mchezaji akipime kijiti chake upya. Mzigo wa kupatanisha vifaa ulikuwa wa mnunuzi. Mwaka 1996 kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na NEC, zilitoa toleo la kwanza la USB. Hazikufanya hivyo kwa huruma. Kifaa kigumu kuunganisha hakiuziki. Lakini zilichapisha masharti yao, na hilo lilizidi umbo la plagi kwa uzito, kwa sababu mtengenezaji wa kokote aliweza kukipima kifaa chake kwa kigezo kilekile walichotumia wakubwa.

Kolwezi ina historia ya kinyume. Mji huo ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, na aliyepima madini alikuwa kampuni. Mwaka 1967 mali hizo ziliingia mikononi mwa kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, uzalishaji ulianguka na mishahara ikakauka. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 iliwatambua wachimbaji wadogo, ila katika maeneo yaliyotengwa na serikali peke yake. Kasulo haikuwa eneo la namna hiyo. Ulikuwa mtaa wa watu, na mwaka 2014 habari zilipoenea kwamba mkazi mmoja amechimba kiwanjani mwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, mashimo yalifunguliwa uani na hata chini ya sakafu za nyumba. Kiwanja kilikuwa mikononi mwa mkazi, madini ya chini kisheria yalikuwa ya dola, na jasho lilikuwa la mchimbaji.

Gunia likishatoka shimoni, bei yake huamuliwa na namba mbili: uzito na asilimia ya kobalti. Zote mbili husomwa depo, yaani nyumba ya kununulia madini, kwenye mizani ya mnunuzi na kwenye kifaa chake cha eksirei ambacho Kolwezi wanakiita Metorex. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka kwamba kinasoma chini. Hata wanunuzi wote wangekuwa waaminifu, tatizo lingebaki palepale: mchimbaji hana kifaa cha kuhakikisha, na kigezo cha kifaa hakipo mahali anapoweza kukisoma. Mwaka 2017, baada ya ripoti ya Januari 2016 ya mashirika ya Amnesty International na Afrewatch juu ya kazi ya watoto migodini kuamsha kelele duniani, jimbo la Lualaba lilihamisha mamia ya familia, sehemu ya Kasulo ikazungushiwa ukuta, na haki ya kununua ikaenda kwa CDM, kampuni tanzu ya Huayou ya China. Watoto walizuiwa kuingia, na hilo ni jambo jema. Ila wanunuzi wengi walikuwa wamegeuka mmoja, na kipimo kikabaki kwake. Kipimo kisicho cha mnunuzi kilifanyika kwingine: mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha matokeo ya vipimo vya wakazi wa Kasulo, wakaonyesha kobalti nyingi katika mkojo wao, na kwa watoto zaidi.

Atakayepinga atasema kampuni zilizounda USB zilikaa meza moja kama rika, ilhali mchimbaji hana kiti mezani. Ni kweli, lakini hata mtumiaji wa simu hakuwa nacho. Umoja wa Ulaya ulijaribu maafikiano ya hiari ya chaja mwaka 2009, na plagi tofauti zikaendelea kuuzwa; ilibidi itungwe sheria mwaka 2022, ikaanza kufanya kazi tarehe 28 Desemba 2024 kwa simu, vifaa vya michezo vya mkononi na vinginevyo. Mwingine atasema Kongo imekwisha kufanya hivyo kwa kuunda Entreprise Générale du Cobalt mwaka 2019. Chombo hicho kilipewa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo, kikatangaza viwango vyake mwaka 2021, lakini miaka ilipita na magunia yakiendelea kwenda depo zilezile. Na hapo pana hatari ya kurudia kosa la ukuta: mnunuzi wa pekee, hata akiwa wa serikali, bado ni mnunuzi, na hafai kuwa mpimaji pia.

Wala haiwezi kusemwa kwamba dola haina nguvu. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti yote, na Oktoba mwaka huohuo ikaufungua kwa mgao, huku Kongo ikitoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia. Serikali iliyoweza kuamua kiasi gani kitoke nchini inaweza kuweka katika kila soko la madini la Kolwezi mizani na kifaa cha eksirei visivyo vya mnunuzi, vinavyokaguliwa hadharani kwa sampuli ya asilimia inayojulikana.  Hatua hiyo inachodai ni kwamba anayelipa asiwe tena ndiye anayepima.