Okapi: kisu cha mfukoni chenye jina la mnyama wa Kongo

Kamatanda, kandokando ya mji wa Likasi, ni mahali pa shaba na reli. Mahali kama hapa kisu cha kukunja ni chombo cha kazi: kinakata kamba ya mfuko wa madini, kinamenya muhogo, kinachonga mpini wa jembe. Kikizeeka kinawekwa sandukuni, na siku ya shida kinauzwa kwa bei ya mkate. Kabla ya kukiuza, ni vizuri kujua kilikotoka.

Okapi ni mnyama anayeishi Kongo peke yake, hasa katika msitu wa Ituri. Wataalamu wa Ulaya walimtangaza mwaka 1901. Mwaka uliofuata, huko Solingen, mji wa wafua visu nchini Ujerumani, kilianza kutengenezwa kisu cha bei ndogo kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani katika Afrika. Kikapewa jina la okapi. Kongo haikuwa koloni lao. Ilikuwa mikononi mwa Léopold II, mfalme wa Wabelgiji. Kwa hiyo jina lilitoka kwetu, kisu kikatoka kwao.

Mwaka 1988 kazi ya kukitengeneza ilihamia Afrika Kusini. Ndiyo sababu wanaopenda visu vya kale hutazama kwanza maandishi kwenye bapa: kilichoandikwa Germany ni cha zamani kuliko kilichoandikwa South Africa. Mpini ni wa mbao, na mara nyingi umepambwa kwa mwezi na nyota za chuma. Aina inayojulikana zaidi ina pete mgongoni. Ukikifungua, meno yake yanalia, kisha kinakaza. Ukitaka kukifunga, unavuta pete.

Kisu hiki kina sifa mbaya pia. Afrika Kusini na Jamaika kilijulikana mikononi mwa wahuni. Lakini kisu kinafuata mkono. Wakuba wa Kasai wanasimulia kwamba mfalme wao Shyaam, katika karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha vitani, na mahali pake pakawa na ikul, kisu cha amani. Sanamu za wafalme wa Kuba zinaonyesha mfalme amekaa, ikul mkononi.

Habari hii inagusa familia zilizohama. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Nyumba haibebeki, kabati haibebeki. Kisu cha baba kinaingia mfukoni. Kwa anayepoteza yote, kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuwa ushahidi pekee kwamba mzee fulani aliishi na kufanya kazi mahali fulani.

Mwenye kisu cha namna hiyo asikisugue kwa msasa, maana msasa unafuta maandishi. Akipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa sababu chuma chake kinashika kutu upesi. Akifunge, akiweke mbali na watoto. Kisha amuulize mzee wa nyumbani: kilinunuliwa wapi, na nani, kwa kazi gani? Majibu ayaandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kisu. Mnunuzi atalipa chuma na mbao tu. Jina la mzee hatalilipa.