Laptopu nne au tabuleti kumi? Historia kidogo kutoka milima ya Gusii

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Nyamira, na huko niliulizwa swali lililoninyima usingizi kuliko hitilafu yoyote ya programu niliyowahi kuisaka usiku wa manane.

Swali lilitoka kwa bodi ya usimamizi ya shule ya msingi niliyosomea. Wazazi walikuwa wamechanga Sh96,000 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari ya msingi, wale ambao tangu mwaka 2023 wanasomea katika viwanja vya shule za msingi. Somo lao la ufundi lina sehemu ya kompyuta, na shule ilikuwa na kompyuta moja tu iliyokuwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Mwenyekiti, mzee mkulima wa majani chai, akaniuliza mbele ya watu wote: "Kijana wetu, wewe ndiye unaandika hizi programu. Tununue tabuleti kumi au laptopu nne?"

Niliomba siku mbili. Pesa za watu wanaouza chai na ndizi hazitaki jibu la papo hapo.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu maneno. Wanaofuata kamusi husema kipakatalishi kwa laptopu, na ndugu zetu wa Tanzania wana neno tamu sana, kishikwambi, kwa tabuleti. Mimi nitasema laptopu na tabuleti kwa sababu ndivyo tunavyosema Keroka na Kisii mjini, na nikisema kipakatalishi mbele ya yule mzee ataniuliza kama ni ugonjwa.

Sasa, historia. Wengi hudhani mjadala huu ulianza tarehe 27 Januari 2010, Steve Jobs alipoonyesha iPad. La hasha. Apple wenyewe walikuwa wameuza Newton mwaka 1993, na Microsoft wakaleta Tablet PC yao mwaka 2002, kompyuta ya Windows ya kuandikia kwa kalamu, nzito na ghali. Zote mbili hazikuteka soko. Lakini kwetu Gusii historia yenyewe haikupitia madukani. Ilipitia madarasani, kwenye foleni za kupiga kura.

Kumbukeni Novemba na Desemba 2012. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliandikisha wapiga kura upya kwa alama za vidole, nchi nzima, kwa muda wa siku thelathini. Vifaa vyenyewe vilikuwa takriban 15,000, na kila kimoja kilikuwa laptopu ndani ya sanduku, pamoja na kisomeo cha vidole na kamera. Watu milioni 14.3 waliandikishwa. Laptopu zilifanya kazi hiyo vizuri, tuseme ukweli. Karani aliketi mezani, akaandika majina kwa kibodi, na kifaa kikawa na mchana kutwa wa kuhudumia watu waliokuja kidogo kidogo.

Kisha ikaja tarehe 4 Machi 2013, siku ya kupiga kura yenyewe. Safari hii kifaa cha kumtambua mpiga kura kilitakiwa kuamka alfajiri na kukesha hadi usiku katika vituo ambavyo vingi ni madarasa yasiyo na hata tundu moja la umeme. Baadhi ya vifaa vilikuwa laptopu, vingine vidogo vya mkononi. Katika sehemu nyingi za nchi betri ziliisha, nywila zikakosekana, na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mahakama ya Upeo ilipotoa uamuzi wake ililigusia jambo hilo la mitambo kushindwa.

Hapa niruhusuni nipige hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Laptopu ya kawaida ya miaka ile ilikuwa na betri ya kama wati-saa 48, na ilikula wati 15 hadi 20 ikifanya kazi. Gawanya mwenyewe: saa mbili unusu, tatu ukiwa na bahati. Tabuleti ya inchi saba ilikuwa na betri ndogo zaidi, kama wati-saa 15, lakini ilikula wati mbili au tatu tu. Hiyo ni saa tano hadi saba. Sababu ni kwamba chipu za aina ya ARM zilibuniwa zikijua umeme ni haba, hakuna diski inayozunguka ndani, na programu moja tu ndiyo iko mbele kwa wakati mmoja. Tena tabuleti huchajiwa kwa volti 5, chaja ile ile ya simu. Paneli ya sola ya wati 10 inaijaza kwa saa chache za jua zuri. Laptopu inataka volti 19 au karibu na hapo, maana yake uwe na umeme wa stima au inveta, na inveta nayo inakula sehemu yake.

Kwa hiyo uchaguzi wa Agosti 2017 ulipofika, IEBC ilileta takriban vifaa 45,000 vya KIEMS, na safari hii kila kimoja kilikuwa tabuleti yenye kisomeo cha vidole. Mambo mengine ya uchaguzi ule mnayajua, hadi ukafutwa na Mahakama ya Upeo tarehe 1 Septemba 2017, na sitaki kuingia huko. Ninachosema ni kidogo tu: kwa kazi ya kusimama mlangoni na kuuliza "huyu ni nani?", laptopu ilikuwa imeondoka.

Sensa ndiyo iliyonishawishi kabisa. Mwaka 2009 tulihesabiwa kwa karatasi usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na matokeo yakatangazwa tarehe 31 Agosti 2010. Mwaka mzima! Mwaka 2019 tulihesabiwa usiku wa tarehe ile ile, kwa tabuleti, na matokeo ya kwanza yakatoka tarehe 4 Novemba mwaka huo huo. Wiki kumi. Kisii watu 1,266,860, Nyamira 605,576. Fikirieni karani anayepanda na kushuka vilima kutoka boma hadi boma, mvua ya alasiri ikimfuata (na huku kwetu mvua haikosi), akiwa na laptopu mkononi. Haiwezekani. Kifaa kinachoshikwa kwa mkono mmoja, chenye GPS ndani yake, kinachokataa kuandika kwamba mtoto wa miaka minne ana watoto watatu, hicho ndicho cha kazi ile. Tanzania nao walihesabu kwa vishikwambi Agosti 2022, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu.

Hadi hapo mtu angesema jibu ni rahisi, tununue tabuleti kumi. Nami karibu niseme hivyo. Kisha nikakumbuka mweka hazina.

Mwaka 2011, nikiwa bado mwanafunzi, niliandika programu ndogo ya chama cha akina mama karibu na Keroka. Michango, mikopo, faini za kuchelewa, basi. Ilikuwa ya laptopu, kwa sababu laptopu ndiyo niliyokuwa nayo. Mweka hazina, mama mmoja mpole sana, aliibeba kwenye kapu chini ya leso ili isiloe. Mkutano ulikuwa wa saa tatu, betri ya saa moja unusu. Baada ya miezi miwili nikagundua anaandika kila kitu kwenye daftari la shule kisha ananiletea niingize mimi. "Mwanangu," akaniambia, "hii mashine yako ni kama ng'ombe wa gredi, inataka kulishwa kila saa."

Mwaka 2014 nikaiandika upya kwa tabuleti ya Android ya inchi saba. Raha tupu! Aliingiza michango pale pale mkutanoni, jina, kiasi, gusa, imekwisha. Daftari likakaa kabatini. Nikajiona fundi.

Mwishoni mwa mwaka chama kikataka mkopo, na mkopeshaji akataka taarifa ya maandishi: barua, jedwali la miaka mitatu, maelezo ya kwa nini wanachama wawili hawakulipa. Mama yule alikaa na ile tabuleti jioni mbili akigonga kioo kwa kidole kimoja. Hakumaliza. Programu yangu ilijua kupokea tu. Haikumpa nafasi ya kuuliza swali nililokuwa sijalifikiria mimi, wala ya kupanga hesabu zake kwa namna nyingine. Mwisho tuliketi wote wawili mbele ya laptopu yangu nzee, na hapo, baada ya kumwonyesha lahajedwali kwa dakika arobaini, akaanza kuzipanga safu mwenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nimemfanya karani wa programu yangu, na mama huyu ana akili ya hesabu kunishinda.

Sasa rudini nami shuleni. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Bajeti ya kwanza ilitenga Sh17.4 bilioni kwa mradi huo. Zabuni ikapewa kampuni ya Olive ya India mapema 2014, kwa zaidi ya Sh24 bilioni, na kabla mwezi haujaisha bodi ya kukagua zabuni ikaifuta. Mradi ulipoamka tena, laptopu zilikuwa zimegeuka tabuleti. Tangu 2016 zikaanza kufika, zikiletwa na miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi na mwingine wa JKUAT pamoja na washirika wao wa kigeni. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa nchini. Wengi walilalamika kwamba serikali imebadilisha ahadi. Mimi sikulalamika, mtoto wa miaka sita anaanguka, anamwaga uji, na umeme wa shule nyingi ulikuwa wa juzi juzi.

Lakini angalieni kilichokuwa ndani ya furushi la kila shule. Wanafunzi: tabuleti zenye masomo yaliyowekwa tayari. Walimu: laptopu mbili, projekta, na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Mnaona? Waliopanga mradi walijua kabisa tofauti ya vifaa hivi. Anayeandaa kazi alipewa laptopu, anayepokea akapewa tabuleti. Kwa darasa la kwanza sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto wa 2016 aliyekuwa na miaka sita amekua, na kama hakuna aliyempa kifaa cha pili, amefika sekondari akijua kompyuta ni kitu cha kuguswa tu.

Na hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Picha ya kwanza maarufu ya kifaa kama tabuleti kwa watoto ilichorwa na Alan Kay wa maabara ya Xerox, Marekani, katika andiko la mwaka 1972. Aliiita Dynabook. Watoto wawili wameketi nyasini, kila mmoja na kifaa bapa mapajani. Ukiitazama upesi unasema, aha, iPad! Tazama tena: kina kibodi. Watoto wale walitakiwa kuandika programu zao wenyewe, kuvunja mchezo na kuujenga upya. Laptopu ya mradi wa OLPC ya Negroponte, iliyotoka 2007 na kupelekwa kwa wingi Rwanda, ilijaribu kufuata wazo hilo, ingawa dola 100 zilizoahidiwa zikawa karibu 200.

Basi, siku ya pili nikarudi kwa bodi. Nikawaambia kama wangekuwa wananunua vya kuchukulia mahudhurio, au vya darasa la pili kusoma hadithi, ningesema tabuleti bila kufikiri. Lakini hawa ni watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, na wanatakiwa kutengeneza kitu. Kwenye tabuleti nao wanaweza kujaribu, ndiyo, ukiwanunulia kibodi za kuunganisha, na wako watakaonitajia programu za kuandikia msimbo kwenye Android. Nimezitumia. Ni kama kulima kwa kijiko.

Mama mmoja wa kamati akapinga, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. "Darasa lina watoto hamsini. Laptopu nne ni watoto kumi na wawili kwa kila moja. Mtoto wangu mpole hataigusa mpaka amalize shule." Sikuwa na jibu zuri. Nikasema ratiba, zamu, Jumamosi. Akanitazama tu.

Mwisho wakaamua laptopu tatu za mitumba, na pesa zilizobaki zinunue waya wa kuongeza umeme, kufuli la mlango na daftari la zamu, ambalo yule mama mwenyewe ndiye atakayelikagua kila Ijumaa. Tulizinunua Kisii mjini siku ya Jumatano. Mbili ziko sawa. Ya tatu betri yake inakaa dakika hamsini, na nimeagiza nyingine kutoka Nairobi.