Nyumba ya Udongo na Mkeka: Historia ya Upambaji wa Makao Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Mtindo wa kupamba nyumba unaoitwa wa asili umepata sifa nyingi katika miji mikubwa ya dunia: kuta za rangi ya udongo zisizo na mapambo mengi, mikeka ya majani, viti vichache vya mbao isiyopakwa rangi, na nafasi tupu ya kupitisha upepo. Wanaousifu huueleza kana kwamba ni uvumbuzi. Kusini mwa Maniema, katika nchi ya Kasongo na Kabambare, nyumba ya namna hiyo ilikuwa makao ya watu wa kawaida muda mrefu kabla ya mtindo huo kupewa jina. Makala haya yanachunguza nyumba hiyo ilikotoka, waliokuwa wakiijenga na kuipamba, na maana ya utupu wake. Swali hili si dogo. Jibu lililozoeleka ni kwamba misafara ya pwani iliwaletea wenyeji wa Maniema dini, lugha na ustadi wa kujenga kwa pamoja. Ushahidi uliopo unakubaliana na sehemu moja tu ya jibu hilo.

2. Nyumba iliyokutwa

Ushahidi wa maandishi wa mapema zaidi ni shajara za David Livingstone, aliyefika Bambarre, yaani nchi ya Kabambare, mwezi wa Septemba 1869. Aliugua vidonda vya miguu, akakaa huko miezi mingi hata mwanzoni mwa 1871. Kukaa kwake kulimpa nafasi ya kutazama mambo ambayo msafiri wa haraka huyapita. Wakati huo wafanyabiashara wa pwani walikuwa ndio kwanza wanaingia nchi hiyo. Kwa hiyo aliyoyaona hayawezi kuhesabiwa kuwa matunda ya mafunzo yao.

Anaeleza vijiji vilivyopangwa kwa mistari, na njia ambazo mara nyingi zilielekea mashariki na magharibi ili jua lizikaushe upesi baada ya mvua. Kwenye miisho ya njia palikuwa na nyumba za mikutano ya watu wote. Nyumba za kulala zilikuwa za pembe nne, zenye kuta za udongo ulioshindiliwa vizuri. Mapaa yalikuwa ya chini, yameezekwa kwa majani mapana ambayo vikonyo vyake vilikatwa pengo ili vining'inie juu ya fito zilizopasuliwa kutoka makuti ya michikichi na miwale. Maji ya mvua yaliteremka upesi, na paa lililotokeza mbele liliukinga ukuta usilowe. Ndani mlikuwa safi na pa kupumzikia, naye anaongeza kuwa kunguni hawakujulikana kabla ya wageni kufika.

Maelezo hayo yana uzito wa kihistoria. Imedhaniwa mara nyingi kwamba nyumba ya pembe nne ni alama ya athari za pwani, kwa sababu sehemu nyingi za bara zilikuwa na nyumba za msonge. Katika Maniema wageni waliikuta pembe nne, wakaikuta njia iliyonyoshwa, wakaukuta na ukuta wa udongo. Aidha, kila sehemu ya nyumba hiyo ilikuwa na kazi yake: mwelekeo wa njia ulipambana na unyevu, upana wa paa ulihifadhi ukuta, na unene wa ukuta ulizuia joto la mchana. Kinachoitwa leo urembo wa asili kilikuwa hapo awali elimu ya mvua na jua.

3. Kilicholetwa na misafara

Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa pwani waliweka kituo Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu katikati ya miaka ya 1870. Kabambare ikawa kituo cha njiani kwa misafara iliyotoka Ujiji. Kutoka pwani hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000. Baada ya hapo palikuwa na ziwa la kuvuka, kisha milima na misitu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hesabu hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu upambaji. Kitanda, mlango au sanduku lililotoka Unguja lilikuwa limebebwa kichwani au begani kwa miezi kadhaa, na wengi wa waliobeba mizigo, hasa pembe za ndovu katika safari ya kurudi, hawakuwa watu huru.

Ndiyo maana nyumba za Kasongo ziligawanyika namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa ya mabwana wa mji. Daktari Sidney Hinde aliingia Kasongo pamoja na jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893, wakati wa vita baina ya Dola Huru ya Kongo na majeshi ya Sefu, mwana wa Tippu Tip. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1897 anasimulia kuwa mji ulitekwa ghafla, kila kitu kikiwa mahali pake, hata askari wa kawaida wakalala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya kuchonga vyenye vyandalua vya hariri. Chumba alichokitwaa kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango wake ulifunguka kwenye shamba la michungwa. Umbo hilo refu na jembamba linakumbusha vyumba vya nyumba za mawe za pwani, ambavyo upana wake ulitegemea urefu wa boriti. Anataja pia vyombo vya fedha na vya kioo, maghala ya mpunga, kahawa na mahindi, na bustani za mapera, makomamanga, maembe na mananasi.

Namna ya pili ilikuwa ya watu walioitwa waungwana. Neno hilo lilimaanisha watu huru, lakini katika Maniema liliwahusu pia wafuasi wengi ambao walikuwa wametekwa au kuzaliwa utumwani, kisha wakashika lugha ya Kiswahili, kanzu na, aghalabu, Uislamu. Hao hawakuwa na hariri. Nyumba zao ziliendelea kuwa za fito na udongo wa wenyeji, na vyombo vyao vilikuwa mkeka, kitanda cha kamba, mitungi na vyungu. Walichoongeza ni baraza ya mbele, mahali pa kupokea wageni, na ua wa nyuma uliotenga mambo ya ndani na macho ya njiani.

4. Waliotengeneza vyombo

Vyombo vya nyumba hiyo vilitoka msituni na sokoni. Livingstone alihesabu kuwa soko la Nyangwe lilikusanya watu wapatao 3,000, wengi wao wanawake, wakiuza vyungu, samaki, chumvi, mawese na vitambaa vya nyuzi za miwale. Vitambaa hivyo vilivaliwa na pia vilitumika kama fedha katika masoko ya nchi hiyo.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliwapiga risasi watu wa soko hilo. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walizama Lualaba wakijaribu kukimbia. Tukio hilo hutajwa kwa kawaida katika historia ya utumwa, wala halitajwi katika historia ya nyumba. Hata hivyo, miongoni mwa waliouawa ni wale wale ambao mitungi yao ilisimama katika vyumba vya Nyangwe. Anayesifu utulivu wa chumba chenye mtungi na mkeka hana budi kuuliza pia mtungi ulinunuliwa kwa nani, na muuzaji alirudi kwake salama au la.

5. Baada ya 1894

Kabambare ilitekwa mwezi wa Januari 1894, na nguvu za mabwana wa misafara zikavunjika. Kasongo ya zamani iliachwa; mji wa sasa hauko palepale. Mahali pa kale huitwa Tongoni, jina linalotokana na neno tongo, yaani mahame. Jina hilo hilo lipo karibu na Tanga kwenye magofu ya mji wa kale wa pwani. Noemi Arazi na wenzake, miongoni mwao wasomi wa Kikongo, walifanya utafiti wa kiakiolojia katika nchi hiyo na kuchapisha taarifa katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Kuta za udongo zisipotunzwa hurudi ardhini, na kwa hiyo ardhi yenyewe ndiyo kumbukumbu ya kusomwa.

Hariri ilitoweka pamoja na biashara iliyoileta. Nyumba ya udongo ilibaki, kwa kuwa haikutegemea njia ya Ujiji. Neno baraza lilisafiri zaidi: liliingia katika Kifaransa cha wakoloni kwa umbo la barza, likawa jina la sehemu iliyoezekwa ya mbele ya nyumba ya mtawala mwenyewe. Kwa upande wa pili, maneno ya Kifaransa kama saloni na fotei yaliingia katika Kiswahili cha Kongo pamoja na vitu vyenyewe, na paa la mabati likawa alama ya maendeleo. Vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003 vilileta uporaji na ukimbizi. Bati linaweza kung'olewa na kuchukuliwa. Ujuzi wa kukata fito, kukandika na kuezeka haung'olewi, mradi yupo wa kuurithi.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba nyumba ya Kasongo na Kabambare haikuwa zawadi ya pwani wala haikuwa mali ya kijiji kisichopokea wageni. Kuta, paa na mpangilio wa njia vilikuwa vya wenyeji; baraza, ua na msamiati wake vilikuja na misafara. Utupu wake nao haukuwa wa aina moja: ulikuwepo utupu wa hekima, unaoacha hewa ipite, na ulikuwepo utupu wa aliyenyimwa, anayelala juu ya mkeka huku hariri aliyoibeba imetandikwa kwa bwana wake. Macho peke yake hayawezi kuzitofautisha hali hizo mbili, kwa kuwa chumba ni kile kile. Ni kazi ya historia, ikisaidiwa na maneno ya lugha yenyewe, kuzitenganisha. Vijana wa Maniema wanaotamani kujenga tena kwa udongo na majani wanayo haki ya kufanya hivyo kwa fahari, wakijua kuwa wanarudia elimu ya mababu zao, si mtindo walioazima.