Zimwi lisiloua mtu ila linamfilisi: historia ya kicheko katika mchezo wa Dungeons & Dragons

Kunako mwaka wa 1972, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin huko Marekani, baba mmoja kwa jina Gary Gygax aliwakalisha mezani watoto wake wawili, wa kiume na wa kike. Aliwaambia wajifanye mashujaa wanaoshuka katika mapango yaliyo chini ya ngome iliyobomoka. Ramani ilikuwa mbele yake, wao hawakuiona. Walitembea kwa maneno tu, wakapigana kwa kurusha dadu, wakalishinda kundi la viumbe vidogo vya sura mbaya, na mwishoni wakafungua sanduku lililojaa sarafu. Zilikuwa sarafu 3000! Lakini zote zilikuwa za shaba, na hesabu ya uzito ilipofanywa wakakuta hawawezi kuzibeba. Gygax alisimulia baadaye kwamba watoto hawakufurahi hata kidogo.

Mchezo huo haukuwa bado na jina wala kitabu, lakini mzaha wake ulikuwa umekwisha kuzaliwa: unahangaika, unashinda, halafu mkononi hubaki na kitu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo huu hauna mpira na hauna mshindi. Mtu mmoja ni msimamizi. Yeye ndiye anaeleza mahali palivyo na ndiye anasema kwa niaba ya mazimwi yote. Wengine wanakaa kuizunguka meza, kila mmoja na shujaa wake: huyu askari mwenye mavazi ya chuma, yule mganga mwenye kanzu na fimbo, mwingine mwizi. Msimamizi anasema: mbele yenu kuna mlango. Wao wanajibu: tunausikiliza kwanza. Dadu ndiyo inaamua kama wamesikia kitu. Inaweza kuendelea hivyo hadi usiku wa manane, na kuanza tena wiki ijayo palepale walipoachia.

Gygax hakuwa mtu wa pesa. Alipoteza kazi ya bima mwaka wa 1970, na kwa muda alitengeneza viatu vya watu nyumbani ili kulisha jamaa. Mwenzake Dave Arneson, wa jimbo la jirani la Minnesota, ndiye aliyeleta wazo la kila mchezaji kuwa na shujaa mmoja tu na kumteremsha chini ya ardhi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1974 waliutoa mchezo wenyewe: sanduku lenye vitabu vidogo 3, nakala 1000, bei dola 10. Katika sheria hizo kulikuwa na jambo moja ambalo tusilisahau, maana bila hilo hatutaelewa watu walikuwa wanacheka nini. Shujaa alipanda daraja hasa kwa dhahabu aliyoirudisha nyumbani. Kuua zimwi kulihesabiwa pia, lakini kidogo. Kwa hiyo mchezaji aliogopa kufa, ndiyo, lakini aliogopa vilevile kufilisika.

Sasa tuje kwenye mazimwi. Mengi yalitoka kwenye hadithi za zamani za Ulaya na za Wagiriki, majoka na majitu, na hayo hayakumchekesha mtu. Lakini vita vya mezani kwa Gygax vilichezwa juu ya meza ya mchanga, kwa sanamu ndogo, na sanamu za mazimwi zilikuwa adimu sana siku hizo. Ndipo zikapatikana, katika duka la vitu vya bei rahisi, mifuko ya wanyama wa plastiki waliotengenezwa Hong Kong. Walitajwa kuwa wanyama wa zamani sana, wa kabla ya historia. Baadhi yao hawakufanana na mnyama yeyote aliyewahi kuishi. Mmoja alikuwa na mkia wa ajabu, mwingine mgongo kama gamba la kobe, mwingine mdomo wa ndege juu ya mwili mnene. Aliyewachonga kiwandani hakujua wala hatajulikana, ila vitu vyake vya kuchezea vya watoto vimekuwa mazimwi yanayojulikana dunia nzima.

Yule wa mdomo wa ndege akawa bundi-dubu: mwili wa dubu, kichwa cha bundi, hasira isiyo na sababu. Bundi hata kwetu hapendwi akilia juu ya nyumba, lakini dubu mwenye kichwa chake ni jambo jingine. Vitabu vya mchezo vilipotakiwa kueleza alikotoka, vilisingizia tu mganga fulani mwendawazimu aliyefanya majaribio.

Yule wa mkia wa ajabu ndiye bora kuliko wote. Alitokea katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975 kwa jina la zimwi la kutu. Halina sumu, halimezi mtu, wala halimtafuti binadamu. Lina papasi mbili ndefu kichwani, na kila chuma likigusacho kinageuka kutu papo hapo, kisha linaila kutu hiyo. Fikiri sasa lile kundi la mashujaa kwenye njia ya giza. Askari mkubwa, aliyetumia miezi ya kucheza na dhahabu yake yote kununua mavazi ya chuma na upanga wa ajabu, aliyepigana na majitu bila kurudi nyuma, anamwona mnyama huyu mwenye sura ya mdudu aliyekosewa, anapiga yowe na kukimbia. Nyuma yake mganga dhaifu, mwenye kanzu tupu na fimbo ya mti, ambaye siku zote hujificha nyuma ya wengine, ndiye anabaki kupigana. Hana kitu cha chuma, basi hana cha kuogopa. Kanuni ziliruhusu pia kulitupia zimwi vipande vya chuma, misumari mikubwa kwa mfano, lishughulike kula huku watu wanatoroka. Yaani unatoa kidogo ili upite na kilichobaki. Atakayesema hajawahi kukutana na zimwi la namna hiyo njiani, basi hajasafiri.

Mnyama wa mgongo wa gamba alikaa miaka bila maelezo. Wachezaji walimwita risasi, kwa umbo lake, au papa wa nchi kavu, jina lililotoka kwenye mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani wa mwaka 1975. Tim Kask, mfanyakazi wa kwanza wa kudumu wa kampuni ya Gygax, alikuwa anatayarisha toleo la kwanza la gazeti The Dragon, lililotoka mwezi wa sita 1976. Aliandika habari za mnyama huyo, na lile neno la Kiingereza la risasi akalivalisha mavazi ya Kifaransa: bulette. Sisi wasemaji wa Kifaransa tukisoma hivyo tunafikiria boulette ya nyama kwenye mchuzi, lakini huyu ndiye mlaji. Anapasua ardhi na kutokea miguuni pa watu. Anapenda sana farasi, na zaidi anawapenda watu wafupi wa mchezo huo, hata huwachimbua mashimoni mwao. Ladha ya jamii nyingine hamfurahishi. Kask alieleza wazi sababu: wachezaji wake walikuwa wamemchosha na watu wafupi hao na farasi zao wadogo. Hiyo si sayansi ya wanyama, ni kisasi cha msimamizi aliyechoka.

Na hapo tunaiona kazi halisi ya mazimwi mengi ya miaka ile. Yalikuwa majibu katika mabishano ya mezani. Wachezaji walijifunza ujanja, msimamizi akatunga zimwi la kuuvunja ujanja ule, wao wakatafuta mwingine. Walizoea kuweka sikio mlangoni kabla ya kuingia? Kitabu kikubwa cha mazimwi, Monster Manual cha mwaka 1977, kiliwaletea mdudu anayeishi ndani ya mbao za milango na kuingia katika masikio ya wanaosikiliza. Walikimbilia kila sanduku la mali? Kuna zimwi linalojigeuza kuwa sanduku, na mkono ukiligusa unanata. Wakaanza kugonga kila kitu kwa mti mrefu wa futi 10, kifaa kilichouzwa katika orodha ya kwanza kabisa. Basi dari likawa zimwi linaloangukia watu. Sakafu nayo ikawa zimwi. Hata jiwe lenye ncha lililoning'inia pangoni likawa mnyama anayesubiri kichwa kipite chini yake. Ukiyasoma yote kwa mfululizo unabaki kujiuliza kama katika mapango yale kulikuwa na kitu chochote ambacho ni kitu tu.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule ute mkubwa wenye umbo la mchemraba, futi 10 kila upande. Kwa nini futi 10? Kwa sababu ramani zilichorwa kwenye karatasi ya miraba, na kila mraba ulikuwa futi 10, basi njia za mapango zilikuwa na upana huo huo. Zimwi lilikatwa kwa kipimo cha karatasi! Linajaza njia sawasawa, linateleza polepole likisafisha uchafu, na kwa kuwa linapenyeka macho kama maji, mtu anaweza kuona mifupa na sarafu vikielea hewani mbele yake. Anaenda kuziokota. Tayari yumo ndani.

Waingereza walipoupata mchezo walizidisha mzaha. Gazeti lao White Dwarf lilikuwa na kurasa ambapo wasomaji walituma mazimwi yao wenyewe, na mwaka wa 1981 Don Turnbull aliyakusanya mengi katika kitabu cha Fiend Folio. Humo kuna nilbog, ambalo ni jina goblin lililosomwa kutoka nyuma. Ukilipiga linapata nguvu. Ukitaka life, lazima ulitibu. Mashujaa wakilikaribia hushikwa na hamu ya kujaza mali yao yote katika sanduku na kuondoka mikono mitupu. Humo kuna pia flumph, kiumbe kama sahani laini inayoelea kwa kupuliza hewa. Kina moyo mwema na kinatii sheria. Kikishambuliwa kinatoa maji yenye harufu mbaya, na kikipinduliwa chali hakiwezi kujigeuza tena. Si kila mtu alicheka. Mwezi wa 11 mwaka huohuo, Ed Greenwood wa Kanada alikishambulia kitabu hicho vikali katika The Dragon. Alikuwa na haki kwa sehemu, kwani mazimwi mengine humo ni upuuzi usio hata na ladha. Lakini flumph imeishi kuliko mengi yaliyotisha.

Huku wenyewe wanabishana juu ya sahani inayoelea, nje mambo yalikuwa yamegeuka mazito. Toka mwanzo wa miaka ya 1980 wahubiri na wazazi wengi wa Marekani walisema mchezo huu unafundisha watoto kuabudu mashetani. Mwaka 1983 mama mmoja wa jimbo la Virginia, aliyefiwa na mtoto wake, alianzisha chama cha kuupinga. Msiba wake ulikuwa wa kweli na haufai kufanyiwa mzaha. Kesi yake mahakamani, hata hivyo, haikufaulu. Ni kweli kwamba kitabu cha 1977 kilikuwa na mashetani, yenye majina na picha. Waliofungua kurasa zile waliona pembe na mikia tu, hawakuketi mezani kusikia namna watu walivyokufa kwa kicheko askari alipobaki na nguo za ndani. Kampuni iliogopa. Katika toleo la pili la mwaka 1989 maneno shetani na pepo yaliondolewa, yakawekwa majina ya kubuni ambayo hakuna aliyeweza kuyatamka. Zimwi la kutu halikuguswa na mtu.

Kati ya wachoraji wa kitabu kile cha 1977 alikuwemo kijana David Trampier. Ndiye pia aliyechora jalada la kitabu cha wachezaji cha 1978, lenye sanamu kubwa ya mungu wa jiwe na wezi wawili wakiling'oa jicho lake la kito. Toka mwezi wa 9 mwaka 1977 alichora katika The Dragon katuni iliyoitwa Wormy. Wormy ni joka. Linavuta sigara, linacheza bilia kwa pesa, na marafiki zake ni majitu ya porini yenye akili ndogo. Pale mazimwi ndiyo majirani na ndiyo wenye nyumba. Binadamu ni wasumbufu wanaopita. Wasomaji waliipenda katuni hiyo kwa zaidi ya miaka 10.

Mwezi wa 4 mwaka 1988 sehemu moja ilichapwa, hadithi ikiwa katikati, na baada yake hakuna nyingine iliyokuja. Hundi za malipo ambazo gazeti lilimtumia Trampier zilirudi bila bahasha kufunguliwa. Wengi walifikiri amekufa. Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu mjini Carbondale, jimbo la Illinois, liliandika habari ya dereva wa taksi wa usiku, na wapenzi wa mchezo wakalitambua jina lake. Alikataa kurudi kuchora. Miaka mingi baadaye alikubali kuonyesha michoro yake ya zamani katika mkutano mdogo wa wachezaji wa mji huo, lakini alifariki mwezi wa 3 mwaka 2014 kabla siku hiyo haijafika.

Mwaka huohuo Monster Manual mpya ilitoka, na flumph ilikuwa ndani yake. Mwaka 2023 sinema ya mchezo huo ilionyesha ule ute wa mchemraba, sanduku linalouma na joka lililonenepa hadi linabingirika. Hadithi ya Wormy imebaki pale ilipoachwa mwaka 1988.