Ramani Iliyofungiwa Kabatini

Ordnance Survey, idara inayochora ramani za Uingereza, huhesabu umri wake tangu mwaka 1791, wakati serikali ilipohofia uvamizi kutoka Ufaransa. Ramani zake zilisifika kwa usahihi. Hata hivyo, zililindwa kwa hakimiliki kali: mwaka 2001 chama cha waendesha magari cha AA kilikubali kulipa pauni milioni 20 kwa sababu ya kuzinakili.

Mwaka 2004, jijini London, kijana Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na yeyote apendaye na kutumiwa na wote. Kwa kuwa kunakili ramani ya serikali kulikuwa kosa, waliojitolea walilazimika kuanza upya. Walipita mitaani kwa miguu na baiskeli, wakiwa na vipokezi vya satelaiti, wakiandika majina ya barabara. Mei 2006 walikusanyika katika kisiwa cha Isle of Wight wakapima sehemu kubwa ya barabara zake katika mwisho wa juma mmoja. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitumia mradi huohuo kuchora vijia na vyoo ambavyo ramani rasmi hazikuvionyesha. Waingereza walikuwa na shida ya kinyume: ramani ipo, lakini imefungiwa kabatini.

Mwaka 2006 gazeti la Guardian lilianza kampeni ya kudai takwimu za umma ziwe huru. Idara ilijibu kwamba inaishi kwa mauzo yake. Bila mauzo, nani angewalipa wapimaji? Swali hilo si la kubezwa. Lakini miongoni mwa wanunuzi wakubwa walikuwamo ofisi za serikali zenyewe, yaani mlipakodi alikuwa akiilipia ramani asiyoruhusiwa kuitumia apendavyo.

Tarehe 1 Aprili 2010 serikali ya Gordon Brown ilifungua sehemu ya hazina hiyo: mipaka ya utawala, misimbo ya posta, ramani za mitaa. Wachoraji wa kujitolea waliilinganisha na kazi yao, wakagundua barabara walizoziruka na majina waliyoyakosea. Waligundua pia (na hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi) mahali ambapo idara ndiyo iliyokosea, kibao cha mtaani kikisema vingine, wakayaweka makosa hayo kwenye kumbukumbu.

Ramani ya kina kabisa, inayoonyesha kila jengo na kila ua, haikuwamo katika kilichofunguliwa siku ile. Iliendelea kuuzwa.